Mavuno yanakuja: linda migongo ya vibarua wako

Leo siongelei mbolea wala mbegu. Naongelea mgongo.

Msimu mmoja nilikuta vijana wanapakia mpunga hapa Michenga. Nikajifanya mbabe, nikashika gunia la kilo 100 na mwenzangu, nikanyanyua huku nimejipinda. Kiuno kikagoma palepale. Wiki tatu sikupanda pikipiki, wakulima wangu wakakosa huduma.

Hospitali nilipelekwa kwa mtoa tiba kwa vitendo, yaani mtaalamu anayemsaidia mgonjwa aweze tena kufanya shughuli zake. Hapa nchini fani hii inafundishwa KCMC, Moshi. Mimi nilisubiri dawa, yeye akasema, "Bwana shamba, hebu nionyeshe unavyobeba." Nikamwonyesha. Akacheka: "Tukitibu mgongo tukaliacha gunia, utarudi."

Somo ni hilo. Rekebisha kazi imfae mtu, usimlazimishe mtu aifae kazi. Fanya hivi:

1. Tazama kwanza. Kaa nusu siku uone wapi vibarua wanainama sana, wananyanyua na kujipinda. Waulize wanaumia wapi.

2. Punguza uzito. Tangu 1967 Shirika la Kazi Duniani (ILO) linashauri mwanaume mzima asibebe zaidi ya kilo 55. Fungasha kilo 50.

3. Punguza kuinama. Panda kwa mistari, sentimita 20 kwa 20 au 25 kwa 25, ili upalilie kwa mashine ya kusukuma ukiwa umesimama. Magunia yapange juu ya kichanja cha usawa wa kiuno, siyo chini.

4. Badilishaneni. Anayepandikiza asiiname kutwa nzima. Baada ya muda akabebe miche, mwingine ashike nafasi yake.

5. Aliyeumia asirudi kubeba mara moja. Mpe kazi nyepesi kwanza, kama kushona magunia. Akisikia ganzi miguuni au akishindwa kuzuia haja, mkimbize hospitali.

Usiseme "vibarua wapo wengi". Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, inayosimamiwa na OSHA, inamtaka mwajiri awalinde watu wake. Tena kibarua mzoefu akilala ndani wakati mpunga umekauka, hasara ni yako: punje zinapukutika jarubani.

Kabla ya kununua magunia msimu huu, chagua ya kilo 50. Anzia hapo.