Asiyeikubali Serikali, Je, Apige Kura?

Kila uchaguzi unapokaribia, swali moja huzuka katika nyumba za Wakristu. Wako watu, na hasa vijana, wasemao: "Utawala huu sisi hatuukubali. Tukienda kupiga kura tutakuwa tumeukubali. Yawezekanaje mtu akatae jambo kwa kinywa chake, kisha alitilie alama kwa mkono wake?" Wazazi wengi hujibu kwa hasira, au hawajibu kabisa. Hasira si jibu, wala kimya si jibu. Swali hili limewahangaisha watu wenye akili na wenye imani, katika nchi za mbali na hata katika nchi yetu wenyewe. Kwa hiyo leo twapenda kulipima polepole, mbele ya mafundisho ya Kanisa na mbele ya mambo yaliyotokea kweli.

Mafundisho ya Kanisa

Mtume Paulo, katika sura ya 13 ya barua yake kwa Warumi, afundisha kwamba mamlaka ina asili yake kwa Mungu, na kwamba yampasa Mkristu kuitii na kuilipa kodi. Lakini katika Matendo ya Mitume, sura ya 5, twawaona Petro na wenzake wakisimama mbele ya Baraza Kuu na kusema wazi kwamba utii kwa Mungu watangulia utii kwa wanadamu. Mafundisho haya mawili hayapigani. La kwanza lasema kwamba watu hawawezi kuishi pamoja bila mtawala. La pili lasema kwamba mtawala naye ana Bwana wake.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki iliyotolewa mwaka 1992 yayashika yote mawili. Katika namba 2240 yahesabu kupiga kura kuwa wajibu wa dhamiri, sawa na kulipa kodi na kuilinda nchi. Hatua mbili tu mbele, katika namba 2242, yafundisha kwamba raia amefungwa na dhamiri yake asifuate amri za wakuu zilizo kinyume cha sheria ya maadili. Mtaguso wa Pili wa Vatikano nao, katika hati ya Gaudium et Spes ya mwaka 1965, uliwakumbusha raia wote kwamba kura ni haki na tena ni wajibu, itumiwe kwa manufaa ya wote.

Basi, huyu asiyeikubali serikali tumweke wapi? Kwanza hatuna budi kujua anakataa nini, maana kukataa kuko kwa namna tatu.

Wanaokataa serikali zote

Wa kwanza ni wale wanaokataa dola ya kila namna, wakiona kwamba mtu yeyote akishika madaraka juu ya mwenziwe amekwisha kumdhulumu. Wamekuwapo wengi huko Hispania, wakijulikana kwa jina la waanakisti, na chama chao kikubwa cha wafanyakazi kiliitwa CNT. Hatuwatetei. Mafundisho yao juu ya mamlaka ni kinyume cha mafundisho yetu, na mwaka 1936 baadhi yao walishiriki kumwaga damu ya mapadre na watawa wengi. Lakini historia yao ina jambo la kutufunza.

Novemba 1933 waliwahimiza watu wasiende kupiga kura. Vyama vya upande wa kulia vikashinda. Sababu za ushindi ule zilikuwa nyingi, ila kususia kwao kulikuwa mojawapo. Maelfu ya wafanyakazi wakaingia gerezani, hasa baada ya maasi ya Oktoba 1934. Ulipofika uchaguzi wa Februari 1936, vyama vya kushoto viliahidi kuwafungulia wafungwa. Safari hii amri ya kususia haikukazwa tena, na wengi wao walikwenda kupiga kura. Novemba mwaka huo huo, vita ikiwa imekwisha waka, wanne wao waliingia serikalini kuwa mawaziri. Mmoja, Juan García Oliver, aliyezikana sheria za dola zote, alikabidhiwa wizara ya sheria.

Ya nini kuyataja haya? Ni kuonyesha kwamba hata waliokuwa wakali kuliko wote katika kukataa, siku ndugu zao walipokuwa kifungoni, hawakuweza tena kusema kwamba kura ni kitu bure. Mlango wa gereza ulikuwa wafunguliwa kwa kura.

Wanaokataa serikali iliyopo

Wa pili wakubali kwamba serikali ni lazima, ila wasema: "Hii iliyopo haikuingia kwa haki." Hapa mfano wetu ni Wakatoliki wenyewe.

Ufalme wa Italia ulitangazwa mwaka 1861, baada ya kutwaa sehemu kubwa ya nchi zilizotawaliwa na Papa. Tarehe 20 Septemba 1870 majeshi yake yakaingia Roma yenyewe. Papa Pius IX hakuutambua utawala ule. Tangu mwaka 1861 padre mmoja mwandishi wa gazeti, Giacomo Margotti, alikuwa amewaambia Wakatoliki wasichague wala wasichaguliwe. Mwaka 1868 ofisi ya Roma ilipoulizwa kama inafaa Wakatoliki kupiga kura ya Bunge, jibu lilikuwa maneno mawili ya Kilatini: non expedit, yaani, haifai.

Msomaji aliangalie vizuri neno hilo. Halikusema kwamba kura kwa asili yake ni uovu. Lilisema haifai, na jambo lisilofaa leo laweza kufaa kesho. Lilikuwa neno la busara, lililopimwa kwa hali ya wakati ule.

Tena Wakatoliki wale hawakukaa kitako. Katazo lilihusu uchaguzi wa Bunge. Katika mabaraza ya miji yao walipiga kura na kuchaguliwa. Walianzisha benki ndogo za wakulima, vyama vya ushirika na vyama vya wafanyakazi, na kazi hiyo ilipata nguvu zaidi baada ya barua ya Papa Leo XIII, Rerum Novarum, ya mwaka 1891. Padre Luigi Sturzo aliuongoza mji wake wa Caltagirone, huko Sisilia, tangu mwaka 1905 hata 1920. Leo sheria ya Kanisa haimruhusu padre kushika cheo cha namna hiyo, lakini wakati ule watu walijifunza kwake jinsi mji unavyotunzwa.

Hata hivyo gharama ilikuwa kubwa. Miaka ile Bunge lilikuwa likitunga sheria juu yao, nao hawamo. Mwaka 1873 nyumba za watawa wa Roma ziliingia chini ya sheria ya kufuta mashirika na kutwaa mali yao. Mwaka 1890 taasisi za huruma zilizoanzishwa na waumini kwa karne nyingi ziliwekwa chini ya mkono wa serikali. Waswahili husema: asiyekuwapo na lake halipo.

Mwaka 1905 Papa Pius X aliulegeza mkono, akawaruhusu maaskofu kuomba ruhusa pale palipokuwa na haja. Mwaka 1919 Papa Benedikto XV aliliondoa katazo lote. Mwaka huo huo Padre Sturzo alianzisha chama, na Novemba kikapata viti 100 katika Bunge. Lakini saa ilikuwa imekwenda. Miaka mitatu baadaye, Oktoba 1922, Mussolini alishika serikali, na kufika mwaka 1926 vyama vingine vyote vilikwisha pigwa marufuku. Hatusemi kwamba katazo lile ndilo lililomleta Mussolini. Twasema tu kwamba watu waliokaa nje ya Bunge karibu nusu karne walipewa miaka mitatu kujifunza kazi yake.

Baada ya vita Kanisa lilizungumza kwa sauti nyingine. Mwaka 1948 Papa Pius XII aliwafundisha mapadre wa Roma kwamba asiyepiga kura, hasa kwa uvivu au kwa woga, atenda dhambi nzito. Imani ilikuwa ile ile. Hali ya mambo ndiyo iliyobadilika, na busara ikabadilika pamoja nayo.

Wanaokataa namna ya uchaguzi

Wa tatu wasema: "Serikali ni lazima, na kura ni njema, ila uchaguzi huu umepangwa kwa hila." Mfano wa jambo hili hatuutafuti ng'ambo. Uko Tabora.

Serikali ya Kiingereza ilipoanza kuandaa uchaguzi katika Tanganyika, iliweka kura tatu. Kila mpiga kura alilazimishwa kuchagua watu watatu: Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, kana kwamba mataifa hayo matatu yalikuwa sawa kwa hesabu. Tena si kila mtu aliruhusiwa kupiga kura. Palitakiwa kipato au elimu ambayo Waafrika wengi hawakuwa nayo. Kwa mtu mwenye heshima lilikuwa tusi.

Mkutano mkuu wa TANU ulikutana Tabora Januari 1958. Wajumbe wengi walikuja na nia moja, kususia. Mwalimu Julius Nyerere, ambaye mwezi mmoja tu nyuma alikuwa amejiuzulu katika Baraza la Kutunga Sheria, aliwasihi waingie katika uchaguzi ule. Kilikuwapo chama kingine, UTP, kilichopendelewa na Gavana. TANU ikisusia, viti vyote vingekwenda kwa UTP, na kura tatu zingepata watetezi ndani ya Baraza. Ukisusa, wenzio wala. Mwishowe mkutano ulikubali. Zuberi Mtemvu hakukubali. Alitoka, akaanzisha chama chake mwaka huo. Tusimdharau. Aliona tusi lile lile waliloliona wenziwe; walitofautiana juu ya dawa.

Uchaguzi ukafanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959. Wagombea walioungwa mkono na TANU walishinda, Waafrika, Waasia na Wazungu, na UTP haikupata kitu. Kura tatu zikaondolewa. Agosti 1960, ingawa vilikuwapo bado viti vilivyotengwa kwa Waasia na Wazungu, TANU ilipata viti 70 kati ya 71. Tarehe 9 Desemba 1961 bendera ya mkoloni ilishushwa. Kikao kile mpaka leo chaitwa Uamuzi wa Busara.

Je, watu wa Tabora walipoamua kupiga kura waliubariki utawala wa kikoloni? Hapana. Waliutumia mlango ule mbovu kuingia ndani, wakaung'oa.

Jibu letu

Kwa hiyo twasema hivi. Kura si kiapo cha utii, wala si uvumba unaofukizwa mbele ya mtawala. Anayepiga kura hasemi, "Serikali hii ni njema." Asema, "Kati ya hawa wanaotaka kunitawala, huyu atawadhuru jirani zangu kidogo zaidi," au, "Huyu atanisaidia kuirekebisha sheria hii mbaya." Na mtu huyo asipokwenda, serikali haiondoki. Kodi italipwa, dawa za zahanati zitakuja au hazitakuja, mwalimu wa shule atapangwa au hatapangwa. Mjane na yatima hawana mahali pa kukimbilia kwa sababu sisi tumesusa. Basi kwa kawaida yampasa Mkristu apige kura, hata akiwa na manung'uniko makubwa rohoni.

Lakini hatusemi kwamba kususia ni dhambi daima. Laweza kutokea jambo ambalo mtu, baada ya kusali na kuomba shauri, aona kwamba kwenda ni kuthibitisha uongo, au kwamba hakuna hata mmoja awezaye kuchaguliwa bila kushiriki uovu mkubwa. Mtu wa namna hiyo na ajiulize mambo matatu. La kwanza: nakataa kwa ajili ya haki, au kwa uvivu na uchungu wangu? La pili: nani ataumia nisipokuwapo? La tatu: nitafanya nini badala ya kura? Wakatoliki wa Italia walikuwa na jibu la swali hili la tatu. Walionyesha benki na vyama vyao vya ushirika. Anayesusa kisha akarudi kulala hakukataa kitu. Na aliyekata shauri kususia asimzuie mwenziwe kwa vitisho, wala yeye asipigwe wala asiitwe msaliti. Dhamiri haifunguliwi kwa fimbo.

Neno letu la mwisho ni kwa wenye madaraka, ambao wengi wao hukaa nasi katika madawati ya kanisa. Si haki kumlaumu raia kwamba hakupiga kura, ikiwa kura yake ya jana haikuhesabiwa kwa kweli, au ikiwa mpinzani wake alizuiwa kusema. Mwizi wa kura hufundisha watu kususia kuliko mhubiri yeyote. Serikali itakayo kutambuliwa na watu iwatambue watu hao kwanza.

Nanyi wazazi, mtoto wenu akiwaambia kwamba haendi, msimfukuze mezani. Mwulizeni maswali yale matatu, mkamsikilize hata amalize. Yamkini atakwenda; yamkini hatakwenda, bali ataingia katika kamati ya maji ya kijiji na kuitumikia kwa uaminifu. Katika hayo yote Mungu aweza kutukuzwa. Asichopenda ni mtu aliyefumba macho, awe ndani ya chumba cha kura au nje yake.