Mzee Anapohamia kwa Mtoto Mwingine

Kila mwaka baada ya mavuno tunawaona wazee wakisafirishwa kutoka hapa Majimoto. Mtoto aliyemtunza baba kwa miaka mitatu amechoka, au yeye mwenyewe anaumwa, na ndugu wakikaa kikao wanaamua kuwa sasa ni zamu ya dada aliyeko Mpanda. Uamuzi huo mara nyingi ni wa haki. Lakini baadhi ya wazee hao tunawapokea wodini wiki chache tu baada ya kuhama.

Nitawaeleza habari za bibi mmoja. Alikuwa na presha iliyotulia kwa dawa. Alipohamishwa kutoka kwa mwanawe kijijini kwenda kwa binti yake mjini, vidonge vyake vilifungwa katika kitambaa, bila pakiti wala kadi ya kliniki. Binti, mwenye kumpenda sana mama yake, alimpeleka kupimwa, akapewa dawa nyingine. Akawa anampa zote, za zamani na mpya, asijue kuwa ni dawa ileile yenye majina mawili ya viwandani. Usiku wa nne bibi aliamka kwenda chooni. Kizunguzungu kikamshika, naye akapapasa mlango upande wa kushoto, kama ulivyokuwa katika nyumba aliyoizoea. Hapa mlango ulikuwa kulia. Alianguka akavunjika nyonga, na hakutembea tena.

Hakuna aliyempuuza bibi huyu. Tatizo ni kwamba aliyejua habari zake hakuulizwa. Kikaoni walizungumza watoto. Mkwe aliyempikia na kumwogesha miaka yote alikuwa jikoni akichemsha chai ya wajumbe. Yeye ndiye aliyejua kidonge kipi ni cha asubuhi, bibi anaamka mara ngapi usiku, na chakula gani kinampalia. Kwa hiyo naomba: mkwe aitwe kikaoni. Ayaseme hayo yote, na kijana anayejua kuandika ayaweke katika daftari la shule litakalosafiri na mzee. Ikiwezekana mkwe mwenyewe amsindikize, akae huko siku mbili tatu.

Dawa zisafiri katika pakiti zake, pamoja na kadi ya kliniki na kitambulisho cha matibabu au kadi ya bima, kama anayo. Dawa za presha au za kisukari zisikatizwe kwa sababu ya safari. Mganga wa kule aonyeshwe zote kabla ya kuandika nyingine. Na sisi wauguzi tuna lawama yetu, maana mara nyingine tunamruhusu mgonjwa na barua yenye mistari miwili ambayo hata sisi tungeshindwa kuielewa. Msione haya kutuomba tuandike vizuri.

Njiani, mzee asiyeweza kujishikilia asibanwe kwenye pikipiki katikati ya watu wawili. Wengine humnyima maji ili asisumbue kwa haja ndogo, hasa kwa kuwa barabara ya Mpanda inapita ndani ya Hifadhi ya Katavi, ambako huwezi kushuka porini upendavyo. Hilo ni kosa. Mwili wa mzee hukauka upesi, na kiu huleta kizunguzungu na kuchanganyikiwa.

Akifika, aonyeshwe njia ya choo mchana, na usiku awe na tochi na poti karibu na kitanda. Kigoda chake, fimbo na mkeka viende naye. Kama hawezi kujigeuza, ageuzwe kila baada ya saa mbili, maana vidonda vya kulalia huanza mapema.

Siku za kwanza anaweza kuuliza, "Tunarudi lini nyumbani?" Mjibuni kwa upole, msimkemee. Lakini akibadilika ghafla, akasinzia mchana kutwa au kusema maneno yasiyoeleweka, msiseme ni uzee wala msitafute mchawi. Huenda ni malaria, maambukizi ya njia ya mkojo, upungufu wa maji au sukari kushuka. Mleteni hospitali siku hiyohiyo.

Wapo wachache wasio na ndugu kabisa, ambao huishia kwenye makazi ya wazee kama ya Ipuli, Tabora. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilitaka makazi hayo yawe njia ya mwisho. Nao wanahitaji daftari lilelile, tena zaidi, maana kule hakuna hata mmoja anayewafahamu.

Jambo moja nimelichelewesha, nalo lilipaswa kuwa la kwanza: mzee mwenyewe aulizwe. Akikataa, msimpakie garini kwa kumdanganya kuwa anakwenda kusalimia. Mwambieni aende kweli kusalimia, wiki mbili, kisha arudi. Baadhi yao, wakishakuijua nyumba na njia ya choo, ndio wanaoomba wenyewe kwenda tena.