Moto wa ndege na taa ya mdogo wangu



Baadhi ya ndege za kivita huongeza kasi kwa kunyunyiza mafuta kwenye hewa ya moto nyuma ya turbini. Ndiyo ule moto wa mkiani. Kwenye ndege ndogo za rimoti tunauigiza kwa taa za LED nyekundu na bluu.

Mdogo wangu hapa Qurus alinunua taa nyekundu nne kwa hela ya mayai. Mimi kaka, mjuaji, nikamwambia, "We unganisha tu." Betri yake ikijaa ina volti 8.4, taa ile inataka kama volti 2. Ikamulika mara moja, ikafa. Hakulia, alinitazama tu. Afadhali angelia.

Na hesabu niliijua, ni uvivu tu: 8.4 toa 2 ni 6.4, gawanya kwa mkondo wa taa, ampea 0.02, unapata omu 320. Chukua rezista ya omu 330, kila taa na yake. Mguu mrefu uende kwenye chanya.

Jana nilimwomba msamaha, nikamrudishia hela. Zile tatu tumezifunika kwa karatasi nyeupe, mwanga usambae. Zinawaka.