Heller ya Tabora: Itambue Kabla ya Kuisugua

Ukilima Masasi au Newala ukaokota sarafu nzito ya njano yenye taji, usikimbilie limau na mchanga. Huenda umeshika heller 20 iliyopigwa Tabora mwaka 1916.

Upande wa taji tafuta herufi D.O.A., kifupi cha jina la Kijerumani la koloni la Afrika Mashariki ya Kijerumani, mwaka 1916, na T ndogo ya Tabora. Upande wa pili una thamani yake na matawi ya majani. Rupia za fedha za awali za koloni hilo zilibeba kichwa cha Kaiser Wilhelm II. Hii haina kichwa. Ilitengenezwa kwa haraka na shida wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia: manowari za Waingereza zilifunga bahari, sarafu hazikuja tena kutoka Ujerumani, na malipo yalipaswa kuendelea. Karakana ya reli ikageuzwa kiwanda cha sarafu, maganda ya risasi yakayeyushwa. Nyingine zilipigwa kwa shaba nyekundu. Kwa hiyo unene hutofautiana na maandishi hufifia. Kasoro hizo pekee hazithibitishi kuwa ni bandia.

Septemba 1916 Wabelgiji waliiteka Tabora, na Wajerumani wakarudi nyuma kuelekea kusini. Novemba 1917 kamanda wao, Lettow-Vorbeck, alipita uwanda wa Makonde akivuka mto Ruvuma kuingia Msumbiji, huku kikosi kingine cha Wajerumani, cha Tafel, kikisalimu amri karibu na Newala. Si ajabu, basi, fedha ya vita hivyo kuonekana Masasi na Newala.

Ioshe kwa maji safi, ikaushe, ihifadhi kwenye karatasi kavu, na andika ulipoiokota. Kuisugua kunafuta maandishi yanayoitambulisha. Anayekwambia ina madini ya siri au thamani ya mamilioni, kisha anadai umpe kwanza hela ya kuipima, ni tapeli. Heller hizi zilipigwa kwa wingi, na thamani yake ilikuwa ndogo: rupia moja ilikuwa heller 100.

Lakini ikiwa ni ndogo, ya shaba nyekundu, yenye Kiarabu pande zote mbili, bila mizani wala tai, yaweza kuwa ya masultani wa Kilwa. Hiyo usiiuze kabisa. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863; toa taarifa ofisi ya wilaya au Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Na ukifukua risasi nzima au bomu, usiliguse. Waite polisi.