SOMO LA AFYA: KUZUIA NA KUPUNGUZA MADHARA YA KAMARI

Kaisho imo katika Wilaya ya Kyerwa, Mkoa wa Kagera, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Wananchi wake wengi hulima migomba na kahawa. Migomba hulisha nyumba. Kahawa huleta fedha, nayo huingia kwa mkupuo wakati wa msimu. Kwa hiyo, fedha inayopotea kwa siku moja katika mchezo wa kubahatisha yaweza kuwa ndiyo sare za watoto na matibabu ya mwaka mzima.

Kamari kama suala la afya

Kwa muda mrefu mtu aliyefilisika kwa kamari amehesabiwa kuwa mvivu au mwenye tamaa. Lawama hiyo humfanya afiche tatizo mpaka limkomae. Shirika la Afya Duniani limeuweka uraibu wa kamari miongoni mwa maradhi katika toleo la 11 la Orodha ya Kimataifa ya Magonjwa, lililoanza kutumika Januari 2022. Dalili zake kuu ni tatu: kushindwa kujizuia, kuitanguliza kamari mbele ya mambo mengine ya maisha, na kuendelea kucheza ijapokuwa madhara yanaonekana.

Mwaka 2024 jopo la wataalamu la jarida la Lancet Public Health lilikadiria kuwa watu wazima wapatao milioni 80 duniani wana tatizo hilo. Aidha, utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba mchezaji mmoja mwenye tatizo kubwa huathiri wastani wa watu sita wengine, yaani mwenzi, watoto, wazazi na rafiki.

Hesabu ya mchezo

Ichukuliwe kwamba mashine hurudisha wastani wa shilingi 90 kwa kila shilingi 100 zinazochezwa. Mchezaji mwenye shilingi 10,000, akiichezesha fedha yote na kurudia kuchezesha inayobaki, baada ya mizunguko 10 wastani wa kinachobaki ni shilingi 3,487. Wapo watakaoshinda, lakini kadiri mchezo unavyorefuka, ndivyo faida inavyoelekea kwa mwenye mashine. Kucheza zaidi ili kurudisha kilichopotea huongeza hasara.

Ngazi tatu za kinga

Malaria haizuiwi kwa kumlaumu aliyeumwa na mbu. Hufukiwa mazalia, wagonjwa hupimwa mapema, na waliougua hutibiwa. Kamari nayo yataka utaratibu kama huo.

Kwanza, mazingira. Tanzania ilitunga Sheria ya Michezo ya Kubahatisha mwaka 2003, na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha ndiyo msimamizi. Asiyetimiza miaka 18 haruhusiwi kucheza, na kuendesha mchezo bila leseni ni kosa. Jirani zetu wa Uganda, kwa sheria ya mwaka 2016, wameweka umri wa miaka 25. Norway iliondoa mashine za kamari Julai 2007, na tafiti zilizofuata zilionyesha kuwa uchezaji na matatizo yake vilipungua. Hivyo basi, mashine inayochezwa na watoto dukani au kilabuni iripotiwe kwa Mtendaji wa Kata au polisi. Ni kweli kwamba michezo hii huiingizia Serikali kodi. Hata hivyo, kodi hiyo haina budi kupimwa pamoja na gharama inayobebwa na kaya, zahanati na shule.

Pili, kugundua mapema. Dalili ni kukopa mara kwa mara bila sababu inayoelezeka, kuficha simu, kutoroka kazini, kuchukua fedha ya kikundi, au kuuza kahawa ingali mtini, yaani butura. Mkuu wa kazi anayeona dalili hizi kwa mtumishi amwite kwa faragha na kumshauri kabla fedha ya umma haijaguswa.

Tatu, tiba. Ushauri nasaha humsaidia mgonjwa kutambua fikra potofu zinazomrudisha mchezoni. Familia isimlipie madeni kwa siri. Ni bora madeni yaandikwe, ulipaji upangwe, na fedha itunzwe kwa muda na mtu anayeaminiwa. Mtu anayesema hataki tena kuishi asiachwe peke yake, bali afikishwe haraka kituo cha afya.

Wajibu wa kila mmoja

Walimu wafundishe hesabu iliyoelezwa hapo juu. Wahudumu wa afya waulize habari za kamari kama wanavyouliza za pombe. Maafisa ustawi wa jamii wapokee familia bila kuzikaripia. Vyama vya ushirika na vikundi vya kuweka akiba vihimize wanachama kutenga fedha ya nyumbani siku ile ile ya malipo ya kahawa. Wananchi wote wanaombwa kuwapeleka wenye tatizo hili kwenye msaada mapema, kwani uraibu huu una tiba.