Bafle za baba: zitengenezwe au zitupwe?

Swali: Baba aliniachia bafle mbili za miaka ya 1970, omu 8. Besi inakoroma. Fundi anashauri ninunue ampli kubwa zaidi. Nimsikilize? (Msomaji, Sandoa)

Jibu: Ampli isubiri. Toa kitambaa cha mbele, uguse ukingo unaoshika koni ya besi. Ukiwa wa sponji na unapukutika, ugonjwa ni huo: sponji hiyo huoza yenyewe hata bafle isipopigwa. Koni ikiwa nzima, badilisha ukingo tu; pima kipenyo kwanza, utumie gundi inayobaki laini ikikauka. Kisha sukuma koni polepole kwa vidole vilivyotandazwa. Ikikwaruza, koili imeharibika au imehama katikati, na hapo gharama hupanda.

Sauti nyembamba ikififia, weka kapasita mpya zisizo na chanya wala hasi, zenye mikrofaradi zilezile.

Kuhusu ampli, wati 30 safi zatosha sebuleni. Ampli iliyolazimishwa hadi mwisho ndiyo huunguza spika ndogo ya sauti nyembamba.

Jaribu kwa gitaa la Jean-Bosco Mwenda, aliyerekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey mwaka 1952 huko Jadotville, Likasi ya leo. Nyuzi nene zikivuma kwa kuchanganyikana, kagua tena ukingo.