Hati ya Shamba na Arusi ya Kanisani



Kwa kawaida ukurasa huu hujibu barua. Mwezi huu tujifunze kutoka kwa mume na mke ambao hawakuishi popote ila jukwaani. Mume anaitwa Kiguunda, mke Wangeci. Walitungwa na Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii katika tamthilia ya Kigikuyu, Ngaahika Ndeenda, ambayo kwa Kiswahili ni Nitaolewa Nikipenda. Wakulima na wafanyakazi wa Kamirithu, Limuru, waliicheza kwa mara ya kwanza tarehe 2 Oktoba 1977, katika ukumbi wa wazi waliojijengea wenyewe. Serikali iliisimamisha Novemba hiyohiyo, na mwisho wa mwaka Ngugi wa Thiong'o akawekwa kizuizini bila kushtakiwa hadi Desemba 1978. Jukwaa la Nairobi liliipokea tena mwaka 2022, miaka mitatu kabla Ngugi hajafariki. Mambo ya siasa yaliyoleta kizuizi hicho wengine wameyaeleza vizuri. Sisi tuingie nyumbani kwa Kiguunda, maana pale pana somo la ndoa.

Kiguunda ni kibarua katika shamba la tajiri Ahab Kioi. Mali yake ni ekari moja na nusu, na hati ya ardhi hiyo ameitundika ukutani, kama sisi tunavyotundika picha takatifu. Yeye na Wangeci walioana kimila zamani, wana watoto, na binti yao Gathoni ameanza kutembea na John Muhuni, mtoto wa Kioi. Siku moja Kioi na wenzake wanafika na neno: ninyi mnaishi katika dhambi, mfunge ndoa kanisani. Kiguunda anakasirika kwanza. Lakini wageni wakiisha kuondoka, mume na mke wanaanza kupiga hesabu nyingine. Huenda Kioi anataka kuwa mkwe wetu! Huenda anaona haya kumwoza mwanawe kwa watu wasiofunga ndoa kanisani.

Basi hati inashuka ukutani na kwenda benki kuwekwa rehani. Vitu vipya vinaingia nyumbani, nguo za arusi zinatayarishwa, keki inaotwa. Kisha Gathoni anarudi analia: ana mimba, na John amemkana. Kiguunda anakwenda kwa Kioi kudai haki, ugomvi unazuka, kazi inakwisha, benki inadai fedha zake, na shamba linapotea. Arusi yenyewe haikufungwa. Mume anaishia kwenye pombe, binti anaishia baa.

Ukiwauliza watu kosa ni la nani, wengi watamtaja Wangeci: wanawake na tamaa ya arusi kubwa! Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Soma tena. Mume hakuvutwa kwa kamba. Yeye naye alitamani kuitwa mkwe wa tajiri, na alipoambiwa na rafiki yake Gicaamba ukweli kuhusu watu wa aina ya Kioi, hakukosa masikio. Wale wawili walipendana, walizungumza, walikubaliana. Ndiyo maana kisa chao kinaniogopesha kuliko visa vya mume mlevi na mke mgomvi. Walikubaliana juu ya kipimo cha mtu mwingine. Waliitazama nyumba yao kwa macho ya Kioi, wakaiona ni kibanda na ndoa yao ni aibu.

Kuna mwingine wa jukwaani anayefanana na Kiguunda, ila yeye aliangamia peke yake. Ni Willy Loman, mchuuzi msafiri katika tamthilia ya Mmarekani Arthur Miller ya mwaka 1949, Death of a Salesman. Loman aliamini kwamba mtu akipendeza kwa watu, mafanikio yatamfuata. Mapato yalipokauka, alikopa dola 50 kila wiki kwa jirani yake, akampa mkewe na kusema ndio mshahara. Mke, Linda, alijua. Akanyamaza ili asimvunjie mumewe heshima. Mwisho Loman anajiua kwa gari, akitumaini fedha za bima zitamwinua mwanawe. Siku ya mazishi mkewe anasema kwamba malipo ya mwisho ya nyumba yamelipwa, na nyumbani hapatakuwa na mtu. Ndoa ngapi zetu zina mshahara wa aina hiyo, wa kuigiza, ambao mmoja anauleta na mwingine anaupokea huku wote wakijua?

Sasa turudi kwetu. Thika na Ruiru ziko katika kaunti moja na Kamirithu, na wako humu watu ambao wangemtambua Kiguunda mlangoni. Hapa mashamba mengi ya kahawa yamekatwa ploti, hasa tangu barabara kuu ya Thika ilipopanuliwa na kukamilika mwaka 2012. Ardhi iliyopimwa kwa ekari sasa inapimwa kwa futi, hamsini kwa mia. Tuseme kijana anafanya kazi kiwandani Thika, mkewe anauza nguo sokoni, wamepanga chumba Ruiru, na baba mzazi amewakatia ploti moja. Ruracio imelipwa, mtoto yuko darasa la pili. Wanatamani kumpokea Bwana pamoja, jambo jema kabisa. Lakini wanaitisha kamati kabla ya kumwona padre. Kamati inauliza magari mangapi, bustani gani, hema za rangi gani, mpiga picha nani. Bajeti inapita michango. Ndipo mtu anasema, na kila kamati ina mtu huyo: "Si mna hati ya ploti?"

Nikwambie, ndugu, Kanisa linadai nini hasa. Kama hakuna kizuizi, linataka ridhaa yenu wawili bila kulazimishwa, mbele ya padre au shemasi mwenye mamlaka, na mashahidi wawili (kanuni 1108). Keki haimo katika kanuni. Kanuni 848 inaagiza kwamba mhitaji asikoseshwe sakramenti kwa sababu ya umaskini wake. Misa ya siku ya kazi inatosha, na ziko parokia zinazobariki ndoa nyingi kwa siku moja. Ikiwa kuna mtu wa Kanisa aliyewafanya mwamini kwamba bila sherehe hamtabarikiwa, amewakosea, na tamthilia ile inatuchoma sisi waumini mahali panapostahili.

Sheria ya nchi pia imebadilika tangu siku za Kiguunda. Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, nyumba ya ndoa haiwezi kuwekwa rehani kihalali bila saini au kibali cha mwenzi anayeishi humo. Mkopaji akishindwa kulipa, hupewa notisi ya miezi mitatu arekebishe, na kabla ya kuuza, notisi nyingine ya siku 40. Mama, usitie saini karatasi usiyoisoma, hata kama anayekuharakisha ni baba watoto. Baba, nawe vivyo hivyo. Ila angalieni jambo moja: sheria hii inamlinda mwenzi anayefichwa. Wangeci angetia saini kwa furaha, akiwa na kalamu yake mwenyewe. Wawili wanaodanganyika pamoja hakuna sheria inayowafikia.

Kwa hiyo kazi ya mwezi huu ifanyike usiku, watoto wakilala, kabla kamati haijaitwa. Chukueni karatasi moja. Andikeni kwanza yale ambayo Kanisa linayadai, mtaona ni mistari michache. Kisha andikeni mnayoyataka ninyi wenyewe kwa moyo: labda mama mzazi aletwe kwa gari, labda picha moja nzuri ya familia. Hayo si dhambi. Chini kabisa andikeni yale yanayofanywa kwa ajili ya macho ya mtu fulani, na mbele ya kila moja mtaje mtu huyo kwa jina. Shemeji, jirani wa ghorofani, bosi, rafiki wa shuleni. Yeyote awaye, huyo ndiye Kioi wenu.

Kila mmoja aandike pia deni lake ambalo mwenzake halijui, hata lile la simu la shilingi mia tano.

Karatasi hiyo itieni katika bahasha moja na hati ya ploti. Kamati ikija na bajeti, ifungueni muisome wawili kwanza, chumbani, kabla hamjawajibu.